Miezi Mitatu ya Fundi Zagabe

Siku ya kwanza nilipomwona Zagabe alikuwa amekaa kwenye benchi la wanawake wajawazito. Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tatu mwezi wa pili, mwaka 2001, na katika kituo chetu cha afya cha Bagira, pembeni mwa Bukavu, Jumanne ilikuwa siku ya kupima mimba. Alikaa katikati yao, kofia magotini, anatazama ukuta. Mimi nilikuwa plantoni wa kituo. Nilifungua mlango asubuhi, niliita namba, niliosha vioo vya maabara. Nilipaswa kumwambia kwamba benchi la wanaume liko upande wa pili. Sikumwambia. Mimi si mtu wa kuanza maneno.

Wanawake walimwanza wenyewe.

"Papa, yako iko ya myezi ngapi?"

"Ya siku kumi na sita," akajibu.

"Yoo! Siku kumi na sita! Uyu anajua hata saa!"

"Na baba yake ni nani?"

Walicheka mpaka mmoja akashika tumbo. Yeye alitabasamu kwa mdomo tu. Nilidhani ni mtu wa mzaha. Baadaye nilijua kwamba hesabu ile ilikuwa ya kweli.

Wanawake walipokwisha, alisimama akaniuliza maabara iko wapi. Alisema amekuja kutoa damu.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye pazia badala ya mlango, na mimi nilioshea vioo vyangu karibu na pazia hilo, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Sikuwahi kukirudia kwa mtu. Nakisema leo kwa sababu miaka imepita na wengi wa watu hawa hawako tena hapa.

Maman Eulalie ndiye aliyepima damu. Alimtazama Zagabe juu ya miwani.

"Unakuya kumutolea nani damu?"

"Mutu yeyote."

"Mutu yeyote. Bagira yote iko na huruma sana mwaka huu."

Alijua anachosema. Vita vilikuwa vimefunga njia, na vipimo vya sida, ukimwi, vilifika kidogo kidogo. Vile tulivyokuwa navyo viliwekwa kwa ajili ya watu wanaotoa damu, ili mgonjwa asipewe damu mbaya. Basi watu waliotaka kujua hali zao walijifanya watoaji. Mtoaji akipimwa, akalala, akatolewa chupa, halafu akapewa Fanta na biskuti, alitoka akijiambia kwamba yuko mzima. Akiambiwa leo hatuchukui, alikwenda nyumbani kwa miguu mizito. Hakuna aliyeuliza zaidi. Fanta ilikuwa jibu. Bagira nzima walijua hivyo, na mimi niliyebeba zile Fanta nilijua hivyo pia.

"Sema kweli," Maman Eulalie alimwambia. "Ao nitakurudisha."

Zagabe alisema. Alikuwa fundi wa mizani. Mwezi wa kwanza alipanda ndege ndogo kwenda Shabunda kutengeneza mizani za wanunuzi wa dhahabu na koltani. Kazi iliisha kwa siku tano, lakini ndege haikurudi kwa wiki tatu. Alipanga chumba kwa mjane mmoja. Siku za mwisho alilala naye, bila kapoti, yaani kondomu. Ndege ilipokuja, wapakizi wa mizigo walimcheka, wakamwambia mume wa yule mama alikufa amekonda kama fimbo. Sasa alikuwa Bukavu. Mke wake, Laurette, alikuwa ananyonyesha mtoto wa miezi saba. Tangu aliporudi, Zagabe alilala chini katika karakana yake ya mizani, nyuma ya soko dogo. Alimwambia Laurette kwamba mgongo unamuuma na godoro linauzidisha.

"Nataka kujua tu kama naweza kulala kwangu," alisema.

Maman Eulalie alivuta droo ya sindano. Kisha alimfunga mpira mkononi.

"Nitakupima. Lakini damu yako sichukui kwa chupa."

Tulingoja dakika kumi na tano. Kwenye kikaratasi cha kipimo ulitokea mstari mmoja, ule unaoonyesha kwamba kipimo chenyewe kinafanya kazi. Wa pili haukutokea.

"Basi niko muzima," alisema Zagabe, akashika kofia.

"Kaa. Sijamaliza. Iki kipimo hakimuone mududu. Kinaona kinga ile mwili unatengeneza juu ya kupigana naye. Mwili unachelewa. Siku kumi na sita ni kidogo sana. Pengine hauna kitu. Pengine kitu kiko na bado hakionekane. Rudi kisha myezi mitatu tangu siku ya mwisho ulilala naye."

Nilingoja aanze kubishana, kama wengine. Hakubishana.

"Iko kama mizani," alisema polepole. "Kila mizani iko na uzito wake ule inaanza kuona. Ukiweka chembe ya dhahabu ndogo chini ya pale, mukono haushuke. Mutu ule hajue kazi atasema hakuna kitu. Fundi anajua: mizani haijasema kitu. Imenyamaza."

"Ni vile," alisema Maman Eulalie. Alionekana kushangaa. Alimwandikia tarehe kwenye kipande cha karatasi ya sanduku la sindano: 28/4.

Alipotoka sikumpa Fanta. Alipita mbele yangu akatazama mikono yangu, kisha akaenda.

Baada ya hapo alianza kuja. Hakuwa na sababu yoyote. Alikaa kwenye benchi, la wanaume sasa, saa moja au mbili, halafu akarudi kazini. Mimi na yeye tulifaa kukaa pamoja kwa sababu hakuna aliyemlazimisha mwenzake kusema. Maisha yake niliyapata kwa vipande. Alizaliwa upande wa Walungu. Akiwa kijana alijifunza kutengeneza saa kwa mzee mmoja wa Nyawera. Vita vya kwanza, mwaka 1996, duka la yule mzee liliporwa, na saa za watu wote zikaenda na askari. Baadaye hakuna aliyeleta saa tena. Watu walitaka mizani. Zagabe alizitengeneza kwa vyuma vya baiskeli na vifuniko vya makopo, na alizirekebisha kwa njiti za kiberiti mpaka zikasimama sawa. Siku moja aliufungua mzani wetu wa kupimia watoto bila kuombwa, akatuambia kwamba kwa muda mrefu tumekuwa tunawaongezea gramu mia tatu. Muuguzi wetu, Emile, alikasirika. Kisha akaomba autengeneze.

Alijipima pia. Kila Ijumaa alipanda juu ya mzani wa magunia ya koltani wa jirani yake. Alishika shingo yake chini ya masikio kutafuta uvimbe. Akitoka jasho usiku alihesabu ni mara ngapi. Aliniambia haya kama mtu anayesoma namba za mlango. Mimi nilikuwa nasema, "Ndiyo, Papa."

Mwezi wa tatu alikwenda kwenye zahanati moja ya mjini, akapimwa tena. Hakuona mstari wa pili. Alileta karatasi.

"Ni vizuri," Maman Eulalie alimwambia. "Ni vizuri kuliko ya kwanza. Lakini bado."

"Na kule kulikuwa mutu mumoja walimuambia iko nayo. Alianguka chini."

"Walimupima na kipimo kimoja?"

"Kimoja."

"Basi walimuangusha mbele ya wakati. Kipimo kikisema ndiyo, unatafuta kingine cha namna ingine, unapima tena. Kuna siku kinasema ndiyo bure. Kama unamujua, umuambie akuye."

Zagabe alimtafuta yule mtu siku mbili. Hakumpata.

Laurette nilimfahamu wakati huo. Siku moja alipita kupimisha mtoto, binti aliyeitwa Carmel, na mzani ukaonyesha uzito wake wa kweli. Alingoja mpaka mlango ukawa mtupu, akanikaribia.

"Papa Modeste, bwana yangu anakuyaka hapa kila wiki. Anagonjwa nini?"

"Mumuulize yeye, Maman."

"Nilimuuliza. Anasema mugongo. Mutu wa mugongo anakaa kwa benchi ya mbao saa mbili?"

Niliangalia chini. Alinitazama muda mrefu, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda.

Tarehe tano mwezi wa nne, Alhamisi, walimleta Carmel kabla ya saa sita mchana. Malaria ilikuwa imemla damu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo, na alipumua haraka haraka na kichwa kikipanda na kushuka. Alibebwa na Laurette. Nyuma yake walikuwa Zagabe na baba mkwe wake, Papa Barthélemy, mtu mrefu wa kilima cha Ciriri aliyesema kwa sauti hata kanisani.

Maman Eulalie alikuwa amekwenda mjini kuomba vipimo. Kulikuwa na Emile peke yake. Alimtazama mtoto, akasema damu lazima, na sasa. Alipima makundi. Carmel alikuwa O. Laurette hakufaa. Papa Barthélemy alikuwa na presha na miaka yake. Zagabe alikuwa O. Vipimo vya sida vilikuwa vimebaki viwili. Emile alichukua kimoja, akampima, akangoja, akaangalia.

"Muzuri. Lala hapa, Papa Carmel. Kunja shati."

Zagabe hakulala.

"Yangu usichukue."

Emile alidhani hakusikia. "Nini?"

"Tafuta kwanza mutu mwingine. Kama hakuna, utachukua. Lakini tafuta kwanza."

"Kipimo ni kizuri! Angalia mwenyewe. Musitari moja."

"Naona musitari. Kipimo ni kizuri. Mimi njo bado."

"Bado nini?"

Zagabe aligeuka akatutazama. Chumba kilikuwa kidogo na wote tulikuwa ndani au mlangoni. Kusema ilikuwa kusema mbele ya Laurette na baba yake. Zilikuwa zimebaki wiki tatu na siku mbili kufika tarehe yake.

Papa Barthélemy alipiga mikono. "Nyamuzinda! Mungu wangu! Nimeona baba wa kunyima mutoto chakula. Nimeona wa kumunyima jina. Wa kumunyima damu, uyu njo wa kwanza! Unaogopa sindano, we fundi? Ao damu yako unaipima kwa gramu unaiuzisha kwa banunuzi?"

"Ba," alisema Laurette. "Wacha."

"Niwache nini? Mutoto anakufa mbele yako!"

Laurette hakumtazama baba yake. Alimtazama mume wake. Nadhani hapo ndipo alipounganisha mgongo na benchi na karakana. Hakulia. Alimshika mtoto tu, akihesabu pumzi zake kwa midomo.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mimi ni O. Nilikwisha toa damu mara mbili katika kituo kile, na tangu mke wangu alipokufa mwaka 1996 sijakaribia mtu. Nilijua haya yote tangu Emile alipotaja kundi la mtoto. Lakini maneno hayakutoka. Hata shuleni nilikuwa hivyo: najua jibu na mkono haupandi, na mwalimu anamwita mwingine. Sijui zilipita dakika ngapi. Nilisikia Papa Barthélemy akitukana kwa Mashi, lugha ya kwao, na pumzi za mtoto. Kisha niliingia, nikakaa kitandani, nikakunja mkono wa shati. Emile alinitazama, akachukua kipimo cha mwisho.

Carmel alipata damu yangu robo ya chupa. Kufika saa tisa viganja vyake vilianza kuwa na rangi. Emile alinipa Fanta, na niliinywa nimekaa ukutani. Papa Barthélemy alisimama mbele yangu, akaninyooshea kidole huku akimtazama Zagabe.

"Uyu njo baba," alisema. "Wewe, rudi kwa mizani yako."

Zagabe alikwenda kuchota maji ya kumwosha mtoto. Aliporudi, Laurette na baba yake walikuwa wameketi upande mwingine wa kitanda, wamempa mgongo. Aliweka ndoo chini, akasimama kando yake mpaka jioni. Mtoto aliporuhusiwa, siku mbili baadaye, Laurette hakurudi kwake. Alikwenda Ciriri kwa baba yake.

Wiki tatu zilizofuata Zagabe aliweza kulala nyumbani. Nyumba ilikuwa tupu. Aliniambia kwamba bado analala karakanani.

Tarehe ishirini na nane, Jumamosi, alikuja kabla sijafungua. Maman Eulalie alimpima. Niliosha kioo kimoja dakika zote kumi na tano. Mstari ulikuwa mmoja.

"Sasa nasema," alisema Maman Eulalie. "Hauna. Kama haukulala na mutu mwingine tangu kule."

"Na hakuna."

"Basi imeisha."

Alikaa. Hakuruka, hakumshukuru Mungu. Aliuliza kitu kimoja.

"Na ile siku ya mutoto. Damu yangu ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa muzuri."

"Ingeweza kumuingia."

"Ingeweza. Lakini ile siku haukujua. Na mimi kama nilikuwa hapa singekubali kuichukua, mutu mwingine akiwako."

Aliikunja karatasi mara nne. Maman Eulalie alimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba sasa hana sababu ya kusema lolote kwa mke wake. Mgongo umepona, basi. Wanaume wengi wangefanya hivyo.

"Anajua kuna kitu," alisema Zagabe. "Anajua kitu, hajue uzito wake. Atakiweka kikubwa kuliko vile kiko."

Kwetu mtu hamfuati mke wake kwa baba mkwe peke yake na mikono mitupu. Anakwenda na mtu wa kumsindikiza, na dumu la kasiksi, pombe ya ndizi. Zagabe alikuwa na ndugu wawili, wote mbali. Aliniomba mimi. Nilitamani kukataa, na kukataa pia kunataka maneno. Nilibeba dumu.

Tulipokelewa uani. Papa Barthélemy aliionja kasiksi, akasema imechacha, akaendelea kuinywa. Desturi ni kwamba msindikizaji ndiye anayesema kwanza. Nilifungua mdomo. Nilisema, "Papa, tumekuya." Nikaishia hapo.

"Naona mumekuya," alisema Papa Barthélemy. "Damu unatoa, maneno njo hautoe."

Hata Laurette alicheka kidogo, kwa pua. Kisha Zagabe alisema mwenyewe, yote: ndege, mjane, wapakizi, siku kumi na sita, tarehe kwenye karatasi, na kwa nini hakulala kitandani Alhamisi ile. Hakujipunguzia. Papa Barthélemy alinyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Laurette alikuwa na Carmel mapajani.

"Kwa hiyo mugongo haukuuma."

"Haukuuma."

"Myezi mitatu ulinidanganya, juu usiniambukize."

"Ndiyo."

"Na kule Shabunda ulinidanganya juu ya nini?"

Zagabe aliingiza mkono mfukoni. Alinyoosha ile karatasi. Laurette aliisoma mbele na nyuma, akamrudishia.

"Iyi inasema damu yako. Nimeiamini. Wewe, bado. Unipe na mimi myezi mitatu. Usikuye hapa, usitume mutu. Tarehe ishirini na nane mwezi wa saba ukuye peke yako, nitakujibu."

Tulishuka Ciriri bila dumu. Njiani alisema tu kwamba miezi mitatu ni sawa, amekwisha izoea.

Alingoja. Hakuja tena kituoni mara kwa mara, kwa sababu hakuwa na la kungojea pale. Nilimwona sokoni akinunua vifuniko vya makopo. Mwezi wa sita bei ya koltani ilikuwa imeanguka na mizani hazikutakiwa. Watu wa mji walikuwa wanaondoka kila wiki, wengine Kamituga, wengine ng'ambo ya ziwa, wengine hawakusema. Karakana yake niliikuta na kufuli mwanzoni mwa mwezi wa nane. Jirani mmoja aliniambia wamekwenda Kamituga wote watatu. Mwingine aliniambia alikwenda peke yake na begi moja. Kupanda Ciriri kuuliza sikuweza. Nilipita chini ya njia ile mara nyingi, na mara zote niliendelea na safari yangu. Papa Barthélemy alikufa mwaka uliofuata. Tangu mwezi ule wa saba sijawaona tena Zagabe, wala Laurette, wala mtoto.

Mara ya mwisho kumwona Zagabe ilikuwa tarehe ile yenyewe, ishirini na nane mwezi wa saba, tena Jumamosi, saa mbili asubuhi. Nilikuwa nafagia mbele ya kituo. Alipita na shati lililopigwa pasi, amenyoa ndevu, hana kitu mkononi. Alisimama. Sikumwuliza, naye alijua sitamwuliza. Alitazama juu kwenye njia ya Ciriri, akavaa kofia.

"Papa Modeste," alisema, "kama amekataa, nitapita hapa kukuambia. Ukiona sikupita, ujue amekubali."